Kijana na Kula kwa Kupitiliza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya kijana anayekula hadi anaumia, anaona aibu, anaapa kwamba kesho hatagusa kitu, na baada ya siku chache yanajirudia yale yale. Mzazi au mlezi ana swali lake karibu na mwisho, ila akisoma yote hatapoteza kitu. Hutakuta hapa hesabu za kalori wala jedwali la uzito. Zimeachwa makusudi, kwa sababu kwa mwenye tatizo hili namba hizo mara nyingi huongeza tatizo pale zilipotakiwa kulipunguza.

Nitajuaje kama nina tatizo, au ni njaa tu ya ujana?

Aliye kwenye balehe hula sana, na ndivyo inavyotakiwa. Mwili unajenga mifupa, misuli na damu kwa wakati mmoja. Kumaliza sahani mbili baada ya mechi, kurudi jikoni saa moja baada ya kula, kuvimbiwa siku ya sherehe: hayo si ugonjwa.

Tofauti iko kwenye uwezo wa kuacha. Anayefakamia anajua ameshiba, na mkono bado unapeleka chakula mdomoni. Anakula haraka kuliko kawaida yake, mara nyingi akiwa peke yake kwa sababu anaona haya, anaendelea hadi tumbo linauma, na akimaliza anajichukia. Vigezo vya madaktari wa akili wa Marekani vinataka hali hiyo itokee angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, na chakula kiwe kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula kwa muda kama huo, tuseme ndani ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, halishikilii sana wingi wa chakula. Linatazama zaidi kama mtu amepoteza uwezo wa kujizuia.

Kwa kijana, msimamo huo wa pili naona unafaa zaidi. Usikae ukihesabu wiki ili utimize kigezo. Kama chakula kimeanza kukutawala na unaficha, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta msaada.

Kwa hiyo mimi ni mlafi tu, sina nidhamu?

Hapana. Mlafi hufurahia chakula. Wewe dakika ya tano tu huenda husikii hata ladha. Daktari wa akili wa Marekani, Albert Stunkard, alieleza namna hii ya kula mwaka 1959, na mwaka 2013 ikaingizwa rasmi kama ugonjwa unaojitegemea kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo. Na kuhusu nidhamu: wengi wenye shida hii wana nidhamu nyingi mno mchana kutwa, na hapo ndipo penye mtego, kama utakavyoona hapa chini.

Wapo wengine kama mimi?

Wapo, na baadhi yao umekaa nao darasani bila kujua. Utafiti uliohoji zaidi ya vijana 10,000 wa Marekani wenye umri wa miaka 13 hadi 18, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba asilimia 1.6 walikuwa wamewahi kuwa na ugonjwa huu kwa vigezo kamili. Wanaofakamia mara mojamoja bila kufikia vigezo ni wengi zaidi. Wavulana wamo pia. Wao huchelewa kugunduliwa kwa sababu mvulana anayekula sana husifiwa, na hakuna anayemuuliza anajisikiaje akimaliza.

Wala huwezi kumtambua mtu kwa kumtazama. Wapo wembamba, wapo wanene, wapo wa katikati.

Mchana najizuia vizuri kabisa. Kwa nini jioni kila kitu kinavunjika?

Kwa sababu ya huko kujizuia. Hili ndilo jibu ambalo vijana wengi hawataki kulisikia, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili, wakawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi 6. Wanaume hao hawakuwa na historia yoyote ya matatizo ya kula. Muda si mrefu wakaanza kuwaza chakula usiku na mchana. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wakali, wenye huzuni, hawataki watu. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kiasi cha kutisha na bado wakasema hawashibi, na hali hiyo haikuisha kwa siku moja wala mbili. Njaa ilikuwa imewabadilisha hata namna ya kufikiri.

Sasa jitazame. Asubuhi unaruka kifungua kinywa ili kufidia jana. Mchana unakula kiduchu mbele ya marafiki. Jioni unafika nyumbani ukiwa na njaa ya siku nzima, umechoka, hakuna anayekuona. Ubongo wenye njaa hautaki matunda. Unataka kitu chenye sukari na mafuta, na unakitaka kwa wingi. Unafakamia. Unaona aibu. Unaapa kujinyima zaidi kesho, na hapo umeshaandaa jioni nyingine kama hiyo.

Utafiti mmoja uliofuatilia wanafunzi wa jimbo la Victoria, Australia, ukachapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba wasichana waliojinyima chakula kwa ukali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata ugonjwa wa kula kuliko wasiojinyima. Ndiyo maana tiba ya kula kupita kiasi huanza kwa kula. Inachekesha kuisikia mara ya kwanza, lakini ndivyo ilivyo.

Jana usiku nimekula hadi nikashindwa hata kuinama. Leo nifanye nini?

Kula kifungua kinywa.

Najua hiyo ndiyo sehemu ngumu. Tumbo bado zito, na sauti ndani yako inasema hustahili. Kula hivyo hivyo, hata kama ni kidogo, halafu kula mchana kwa wakati wake, na jioni kwa wakati wake. Usipande kwenye mzani leo: utakachokiona ni maji, chumvi na chakula ambacho bado kimo tumboni, na kitakuharibia siku bure. Kunywa maji kwa kadiri ya kiu yako. Ukitaka kutembea, tembea kwa sababu hewa ni nzuri. Ukiona unatembea ili kulipa deni, rudi nyumbani.

Ukishatulia, pengine mchana, andika mistari miwili mitatu: ilikuwa saa ngapi, ulikula nini mara ya mwisho kabla ya hapo, nani alikuwepo, nini kilitokea siku hiyo. Usiandike kiasi ulichokula. Baada ya wiki kadhaa utaanza kuona kitu kinachojirudia. Wengi hugundua ni saa ile ile, baada ya pengo lile lile refu bila chakula.

Hiyo ratiba ya kula ikoje hasa?

Milo mitatu, na vitafunwa mara mbili au tatu katikati, bila kupitisha saa 3 hadi 4 ukiwa macho hujala kitu. Kwa mfano: kifungua kinywa saa 1 asubuhi, kitafunwa saa 4, chakula cha mchana saa 7, kitafunwa saa 10 jioni, chakula cha usiku saa 1. Saa zenyewe zipange kulingana na masomo yako.

Mwanzoni kula kwa saa, usingoje njaa. Mtu aliyezoea kujinyima na kufakamia amezivuruga ishara zake za njaa na shibe, na hazirudi siku moja. Kila mlo uwe mlo wa kweli: kitu cha wanga, kitu cha protini, mafuta kidogo, mboga au tunda. Sahani ya majani matupu ni kujinyima kwa jina lingine.

Wiki mbili za kwanza utaogopa kwamba unakula mno. Hofu hiyo ni ya kawaida. Mara nyingi, ratiba ikishika, vipindi vya kufakamia huanza kupungua kabla hujagusa jambo jingine lolote, na ndiyo sababu wataalamu hutangulia na hapa.

Kama si wewe unayepika au kununua chakula nyumbani, na vijana wengi sivyo, utahitaji kumshirikisha anayepika. Swali la kumwambia mtu mzima liko hapa chini.

Je, niviache kabisa vile vyakula vinavyonishinda?

Kuviharamisha moja kwa moja hufanya kazi siku chache tu. Kinachokatazwa ndicho kinachowazwa.

Njia yenye busara ni ya katikati. Kwa wiki za mwanzo usiweke akiba chumbani. Ratiba ikishatulia, anza kukirudisha kimoja kimoja: kiasi cha kawaida, kwenye sahani, mezani, baada ya mlo, ukiwa na mtu. Siku ambayo umegombana na rafiki si siku ya kujaribu.

Hamu imenijia sasa hivi, wakati nasoma haya. Nifanyeje?

Kwanza jibu: mara ya mwisho umekula lini? Ikiwa ni zaidi ya saa 4 zilizopita, hiyo ni njaa. Nenda ukale mlo, ukae chini, utumie sahani.

Ikiwa umekula karibuni, fahamu kwamba hamu ni kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, hushuka, hata usipoitii. Kazi yako ni kukaa nayo dakika 15 au 20. Ondoka kwenye chumba chenye chakula. Kaa palipo na watu. Mpigie mtu simu mzungumze jambo jingine kabisa. Oga. Fanya kitu kinachoshughulisha mikono yote miwili.

Dakika zikiisha na bado umekula, hukupoteza kitu: umejifunza kungoja, na mara ijayo utangoja zaidi kidogo. Na unaweza kuacha katikati. Hakuna sheria inayosema kipindi kikianza lazima kifike mwisho, ingawa kichwa kitakuambia "siku imeshaharibika, maliza tu." Fikra hiyo ya yote au sifuri ndiyo inayogeuza biskuti mbili kuwa pakiti nzima.

Mimi sina njaa. Nakula nikiwa na huzuni au hasira.

Basi chakula kinakufanyia kazi fulani, na tuseme ukweli, kinaifanya. Kwa dakika chache kinatuliza. Ndiyo maana kuambiwa "acha tu" hakusaidii: unanyang'anywa kitulizo bila kupewa kingine.

Anza kwa kuipa hisia jina lake kamili. "Sijisikii vizuri" haitoshi. Je, ni upweke? Wivu? Hofu ya mtihani? Uchoshi wa kukosa la kufanya? Uchoshi ni sababu kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa wakati wa likizo. Kila hisia ina dawa yake: mpweke anahitaji mtu, mwenye hasira anahitaji kusema au kuandika, aliyechoka anahitaji kulala.

Zipo sababu ambazo huwezi kuzibeba mwenyewe: kudhihakiwa kuhusu mwili wako, kupigwa, kuguswa kwa namna usiyotaka, msiba, wazazi wanaopigana. Kama mojawapo ipo, kula ni moshi tu. Tafuta mtu mzima unayemwamini akusaidie na hilo lenyewe. Huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili na kukuondolea hamu ya mambo uliyoyapenda inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika.

Usingizi na simu vinahusikaje?

Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akikosa, homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda, na leptini inayouambia ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha hushuka. Kukesha pia kunaongeza saa za kuwa macho peke yako karibu na jikoni.

Kwenye simu, acha kufuata kurasa zinazoonyesha "ninachokula kwa siku", picha za kabla na baada, na mashindano ya kufunga. Huna haja ya kuzitafakari. Ziondoe.

Nataka kwanza nipunguze uzito, halafu nishughulikie kufakamia.

Mpangilio huo hauwezekani. Ukianza kwa kujinyima unarudi kule kule. Tuliza kula kwanza, na kama bado kuna suala la uzito, daktari anayejua historia yako ndiye wa kuzungumza naye.

Kumbuka pia kwamba kuongezeka uzito wakati wa balehe ni sehemu ya kukua. Wasichana huongezeka nyonga na mapaja. Wavulana wengi hunenepa kidogo kabla ya kurefuka. Kuna vijana wanaoanza kujinyima wakipigana na mwili ambao haukuwa na kosa lolote.

Nikijitapisha au kunywa dawa za kuharisha mara mojamoja tu, kuna ubaya gani?

Ubaya ni mkubwa. Kutapika na kuharisha kwa makusudi hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa. Ikishuka sana, moyo unaweza kupoteza mapigo yake, hata kwa kijana aliyekuwa mzima jana. Asidi ya tumbo hula meno na kuchubua koo. Dawa za kuharisha hazikupunguzii hata kile unachodhani: huathiri utumbo mkubwa, na chakula kingi kinakuwa kimeshanyonywa kabla ya kufika huko. Unachopoteza ni maji.

Kujifidia kwa kutapika, kwa dawa, kwa kufunga au kwa mazoezi ya kujiadhibu kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine, bulimia, wenye tiba yake. Mwambie daktari bila kuficha hili. Na kama imetokea, sukutua kwa maji na usipige mswaki papo hapo, maana meno yanakuwa yamelainika.

Nitamwambiaje mzazi? Naona aibu kufa.

Chagua wakati ambao hakuna haraka, na si mezani. Maneno machache yanatosha: "Mama, kuna jambo linanisumbua. Kuna wakati nakula nashindwa kuacha, halafu najisikia vibaya sana. Naomba unisaidie nimwone daktari." Ukishindwa kusema, mwandikie ujumbe, kisha kaa naye karibu anapousoma.

Anaweza kujibu vibaya mwanzoni: "Si uache tu!" Mara nyingi ni hofu inayosema. Ikiwa baada ya kujaribu tena bado hasikii, mwendee shangazi, mjomba, bibi, dada mkubwa, mwalimu, nesi au mshauri wa shule. Mtu wa kwanza kukosea kujibu haimaanishi wote watakosea.

Daktari atanifanyia nini?

Atakuuliza maswali, mengine ya aibu kidogo. Anaweza kupima shinikizo la damu na damu yenyewe, kuangalia sukari, madini na tezi ya shingoni (thairoidi). Atauliza dawa unazotumia, kwa kuwa zipo zinazoongeza hamu ya kula, kama steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Ukihisi dawa yako ndiyo chanzo, mwambie, usiiache mwenyewe. Kama hutaki kuuona uzito wako ukipimwa, omba ugeuke mgongo. Ni ombi la kawaida.

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo, inayoshughulikia fikra na mienendo pamoja: ratiba ya kula, vichocheo, na namna unavyoutazama mwili wako. Wengine huanza na mwongozo wa kujisaidia wakisimamiwa na mtaalamu. Kuhusu vidonge, dawa iitwayo lisdeksamfetamini iliruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa ugonjwa huu, lakini kwa watu wazima. Kijana asipokee kidonge cha "kukata hamu" kutoka kwa rafiki wala muuzaji wa mtandaoni.

Ni lini niende hospitali mara moja?

Ukizimia, moyo ukidunda ovyo, kifua kikiuma, ukitapika damu, tumbo likivimba na kuuma bila kutulia, au ukipata mawazo ya kujidhuru au kujiua. Hapo usingoje asubuhi na usiende peke yako. Mwamshe mtu.

Mimi ni mzazi. Nimekuta pakiti tupu zimefichwa chini ya kitanda. Nifanye nini?

Usizipange mezani kama ushahidi. Mwanao anajua zilipo, na aibu ndiyo iliyozipeleka huko. Zungumza naye mkiwa wawili, anza na unachokiona kuhusu hali yake, si kuhusu chakula: amekuwa kimya, halali, hataki kula na wenzake. Kisha sikiliza zaidi ya unavyosema.

Usifunge kabati kwa kufuli, wala usimwekee sahani ndogo kuliko ya ndugu zake. Acha kabisa kutaja mwili wake, hata kwa utani, hata kwa kumsifu kwamba amepungua. Na wako pia: mtoto anayesikia mzazi akiulaani mwili wake kila asubuhi hujifunza. Kinachosaidia ni chakula kuwepo kwa wakati, kula pamoja kila inapowezekana, na mezani kuzungumza mambo mengine. Mpeleke kwa mtaalamu mapema. Kungoja akue ayaache mwenyewe ni kumwongezea miaka.

Itachukua muda gani, na nikirudia je?

Tiba ya mazungumzo huchukua miezi, si wiki. Utaanza kuona nafuu mahali usipotarajia: umesahau kuwaza chakula wakati wa somo, umeacha kidogo kwenye sahani bila kufikiri, umekubali mwaliko uliokuwa ukiukwepa. Idadi ya vipindi hupungua, kisha hupungua tena.

Wengi hurudia wakati fulani, hasa mitihani, kuhama shule, kuachana na mpenzi, au mtu akisema neno kuhusu mwili wako. Kipindi kimoja hakifuti miezi iliyopita. Mlo unaofuata uwe kwa wakati wake, mtu mmoja ajue, na uangalie ni pengo gani limeingia kwenye ratiba. Vikijirudia kwa wiki mbili mfululizo, rudi kwa aliyekutibu hata kama mlishaagana.